HEWA, PUMZI NA VAZI: HISTORIA YA KULILINDA JERAHA LA UPASUAJI

Katika lugha nyingi watu waliyapa maradhi majina yatokanayo na hewa kabla ya kujua lolote juu ya vijidudu. Waitalia walisema mala aria, yaani hewa mbaya, na jina hilo limeenea duniani kote, ingawa imekwisha julikana tangu mwisho wa karne ya 19 kwamba mwenye kuleta ugonjwa huo ni mbu. Wayunani walikuwa na neno miasma, ambalo maana yake ya asili ni doa au najisi. Matabibu wa Ulaya wakalichukua wakaliita kwalo fukuto la uvundo waliloliamini kuwa ndilo chanzo cha homa na tauni. Kiswahili nacho kina pepopunda. Vyovyote tutakavyoichambua sehemu ya mwisho ya jina hilo, sehemu ya kwanza ni pepo, ndugu yake upepo. Na maradhi yenyewe ni ya jeraha, ambayo vijidudu vyake makao yao hasa ni udongo.

Majina ya namna hii si makosa ya wajinga. Ni kumbukumbu ya fikira ambayo wakati wake ilikuwa elimu. Lakini jina likisha kaa kitako huendelea kutawala fikira hata baada ya elimu kugeuka, na pengine huwafanya watu wenye akili walinde mlango huu huku adui akipita mlango ule. Hayo yalitokea katika chumba cha upasuaji, na nia ya makala haya ni kueleza jinsi yalivyotokea. Tangu mwaka 1865 hata leo, wapasuaji wameuliza mara kwa mara swali moja: je, hewa hulidhuru jeraha? Mara wamejibu ndiyo, mara la, kisha ndiyo tena. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba majibu hayo yaligongana kwa sababu neno hewa lilikuwa limebeba mambo matatu yasiyo sawa: hewa yenyewe, pumzi ya mtu, na kile kidondokacho kutoka ngozi yake na nguo zake.

1. Hewa ya wodi

Tuanze na hospitali za Ulaya katikati ya karne ya 19. Dawa ya nusukaputi ilikuwa imekwisha anza kutumika tangu mwaka 1846, na mpasuaji aliweza sasa kufanya kazi yake bila ya mgonjwa kukamatwa na wanaume wenye nguvu. Lakini kupungua kwa maumivu hakukuleta kupungua kwa vifo. Siku ya tatu au ya nne jeraha huvimba, likatunga usaha, homa ikapanda, na mara nyingi mgonjwa akafa kwa jeraha ambalo kisu chenyewe kilikuwa kimelikata vizuri.

James Young Simpson wa Edinburgh, yule aliyeanzisha matumizi ya klorofomu mwaka 1847, alikusanya hesabu za watu waliokatwa mikono au miguu. Mwaka 1869 alitangaza kwamba katika hospitali kubwa, kati ya watu 2,089 waliokatwa viungo, 855 walikufa; ilhali kati ya watu 2,098 waliokatwa nje ya hospitali hizo, huko mashambani, waliokufa walikuwa 226. Kwa maneno mengine, mtu aliyelazwa katika jumba lililojengwa kwa ajili ya kumponya alikuwa katika hatari karibu mara nne ya hatari ya yule aliyekatwa mguu nyumbani kwake. Simpson alitaka majumba makubwa yavunjwe, na mahali pake vijengwe vibanda vidogo vidogo.

Watu wa wakati huo waliifasiri hatari hiyo kwa neno walilokuwa nalo: hewa. Wagonjwa wengi chini ya dari moja, ilisemwa, huichafua hewa, na hewa iliyochafuka huozesha majeraha. Dawa iliyofuata fikira hiyo ilikuwa madirisha makubwa, dari za juu, na vitanda kutengana. Tusiwacheke. Waliyoyaona yalikuwa kweli, kwani msongamano wa wagonjwa huleta hatari. Na madirisha yale yaliwafaa wengi. Walikosea jambo moja tu, kudhani kwamba hewa yenyewe ndiyo sumu. Hawakutambua kwamba yaweza kuwa chombo tu, na kwamba chombo hakisafiri na mzigo ila mtu ameupakia.

2. Lister na manyunyu ya kaboliki

Aliyetenganisha chombo na mzigo alikuwa Mfaransa, Louis Pasteur. Mwaka 1860 alichukua chupa za mchuzi uliochemshwa, akazifungua kwa muda mfupi mahali mbalimbali, kisha akaziziba tena. Katika bonde karibu na Arbois, chupa 8 kati ya 20 ziliharibika. Juu ya kilima cha milima ya Jura, 5 kati ya 20. Na juu ya barafu ya Mer de Glace katika milima ya Alps, chupa 1 tu kati ya 20. Hewa ilikuwa moja mahali pote patatu, lakini mzigo wake haukuwa mmoja. Ikiwa hewa yenyewe ndiyo yenye kuozesha, chupa zote zingalioza.

Habari za kazi ya Pasteur zilimfikia Joseph Lister, profesa wa upasuaji katika Glasgow, kwa kuelekezwa na mwenzake Thomas Anderson, profesa wa kemia. Lister alikuwa ameona jambo moja ambalo wapasuaji wote walilijua: mfupa uliovunjika bila ya kutoboa ngozi hupona kwa salama, na mfupa uliotoboa ngozi huoza. Tofauti ya wawili hao, akafikiri, ni kwamba wa pili umefunguliwa kwa hewa. Na kama Pasteur asemavyo kweli, basi kilichoingia si hewa bali ni vijidudu vilivyomo. Mnamo Agosti 1865 alimtibu mtoto wa miaka 11, James Greenlees, aliyevunjika mguu kwa kukanyagwa na gari, akaliziba jeraha kwa kitambaa kilicholoweshwa asidi ya kaboliki. Mtoto akapona bila ya usaha. Lister alitangaza njia yake mwaka 1867, na baadaye akatoa hesabu zake: kabla ya njia hiyo, kati ya watu 35 aliowakata viungo walikufa 16, baada yake, kati ya watu 40 walikufa 6.

Ila hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Lister aliamini kwamba vijidudu vya hewani ndivyo vilivyo hatari zaidi, na kwa hiyo mwaka 1871 akaongeza chombo cha kunyunyizia asidi ya kaboliki hewani wakati wote wa upasuaji. Kwanza kilipigwa kwa mkono, kisha kwa pampu kubwa, na hatimaye kikaendeshwa kwa mvuke. Mpasuaji, wasaidizi wake na mgonjwa wote walifanya kazi ndani ya ukungu uchomao macho na kubabua mikono. Mwaka huo huo wa 1871 kilitumiwa huko Balmoral alipompasua Malkia Victoria jipu la kwapani. Kwa muda wa miaka kadhaa manyunyu hayo yakawa ndiyo alama ya upasuaji wa kisasa, hata wengi wakadhani kwamba manyunyu ndiyo siri ya Lister.

Kumbe siri haikuwa hapo. Walikuwako wapasuaji walioacha manyunyu huku wakiendelea kusafisha mikono, vyombo na vitambaa, na wagonjwa wao wakapona vile vile. Lister mwenyewe aliyaacha mwaka 1887, na katika mkutano mkuu wa matabibu mjini Berlin mwaka 1890 alisema mbele ya watu wote kwamba aona haya kwa kuwa aliwahi kuyashauri. Ni jambo la heshima kubwa kwa mtaalamu kutamka hivyo mbele ya ulimwengu. Lakini wasikilizaji wake waliondoka na fundisho pana kuliko alilolitoa. Yeye alisema kwamba kuinyunyizia hewa dawa hakufai. Wengi wakasikia kwamba hewa haina hatari.

3. Pumzi

Kwa hiyo miaka ya mwisho ya karne ya 19 ilikuwa miaka ya mikono na vyombo. Kazi ya Robert Koch na wenzake mwaka 1881 ilikuwa imeonyesha uwezo wa mvuke wa moto katika kuua vijidudu, na huko Berlin Ernst von Bergmann na watu wake wakaufanya mvuke kuwa kanuni ya chumba cha upasuaji. Baltimore, kuanzia miaka ya 1889 na 1890, William Halsted alileta mipira ya mikononi, kwanza kwa ajili ya kuikinga mikono ya muuguzi wake na ukali wa dawa. Ndipo lilipobadilika hata jina la kazi. Lister alipigana na kuoza. Waliomfuata walitaka kuoza kusiwepo tangu mwanzo. Katika Kiyunani tofauti ya majina hayo mawili ni ya kiambishi tu, na mzizi wao ni mmoja, nao una maana ya kuoza.

Hewa ilirudi kwa mlango mwingine. Katika mji wa Breslau, mwaka 1897, Carl Flügge alitangaza kwamba mtu anenapo, akohoapo au apigapo chafya, hutoa matone madogo ya mate yenye vijidudu hai, na kwamba matone hayo huelea kwa muda kabla ya kuanguka. Yeye na wenzake walionyesha hayo kwa kumsukutulisha mtu maji yenye vijidudu vitoavyo rangi nyekundu, kisha kumwambia anene mbele ya visahani vya kuoteshea vijidudu. Baadaye wakaviona vikiota madoa mekundu katika visahani hivyo.

Katika mji ule ule alikuwako mpasuaji Johann von Mikulicz-Radecki. Mwaka ule ule wa 1897 akaanza kupasua akiwa amefunika pua, kinywa na ndevu zake kwa kipande cha shashi. Mjini Paris, Paul Berger akafanya vivyo hivyo kuanzia Oktoba 1897, na mwaka 1899 akawasomea wapasuaji wenzake habari za kitambaa chake, ambacho upande wa chini kilishonewa kwenye nguo yake ya kazi ili kuzizuia ndevu. Si wote waliokubali. Katika majadiliano yaliyofuata palikuwa na waliosema waziwazi kwamba hawatakivaa kamwe. Ilichukua muda mrefu hata kitambaa hicho kikawa vazi la kawaida.

Yafaa tusimame kidogo kwa ajili ya jina lake katika lugha yetu. Barakoa ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika Unguja na Omani lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake wenye heshima zao, kilichoacha macho wazi. Mwaka 1897 hakuna Mswahili aliyefikiri kwamba lingekuja kuwa neno la tabibu. Wakati wa maradhi ya mwaka 2020 ndipo lilipoenea kwa maana hii mpya, likashika mahali pa maelezo marefu kama vile kitambaa cha kuziba pua na mdomo. Barakoa ya kwanza ilimsitiri avaaye asionekane na wengine. Barakoa ya tabibu humsitiri mgonjwa asidhurike na avaaye. Lugha imeliazima neno na kugeuza uso wake.

4. Vazi

Baada ya Flügge hewa ilikuwa na maana mpya: ni pumzi. Basi ikadhaniwa kwamba pumzi ikisha zibwa, kazi imekwisha. Lakini majeraha yaliendelea kutunga usaha mahali ambapo vyombo vilichemshwa vizuri na nyuso zote zilifunikwa.

Sababu moja ilikuwa katika majengo yenyewe. Vyumba vingi vya upasuaji vilikuwa na mapanka ya kuvuta hewa ya joto na harufu ya dawa na kuitoa nje. Lililosahauliwa ni kwamba hewa ikitolewa, nyingine huingia kuchukua mahali pake. Na iliyoingia ilitoka ukumbini na wodini, pamoja na mavumbi ya mablanketi na vitambaa vya majeraha. Chumba kilichodhaniwa kuwa safi kilikuwa kikivuta pumzi ya hospitali nzima. Mwaka 1946 Robert Bourdillon na Leonard Colebrook walieleza habari za chumba cha kufungia majeraha ya moto katika Birmingham, ambacho hewa iliyochujwa ilisukumwa ndani hata ikawa inatoka kwa nguvu kila mlango ufunguliwapo. Njia hiyo ya kusukuma badala ya kuvuta ikaingia katika vyumba vya upasuaji katika miaka ya 1950.

Sababu ya pili ilikuwa ya ajabu zaidi. Mwaka 1948 J. P. Duguid na A. T. Wallace walionyesha kwamba nguo za mtu anayetembea hutoa mavumbi yenye vijidudu kwa wingi. Na mwaka 1962 R. R. Davies na W. C. Noble wakaeleza kwamba vijidudu hivyo hupanda juu ya magamba madogo ya ngozi. Ngozi ya mwanadamu haikai, hupukutika daima. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja hupukutisha magamba yapatayo milioni 10 kwa siku, na sehemu moja ya kumi hivi ya magamba hayo huwa imebeba vijidudu. Nguo ya pamba ya kawaida haiyazuii, kwa kuwa matundu ya kitambaa ni makubwa kuliko gamba. Nayo hufanya kazi kama ungo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakuwa wakimfikiria mpasuaji, lakini hakuna aliyeisema habari hii kwa maneno machache kuliko wao.

Walikuwako waliotaka kuua vijidudu hivyo papo hapo hewani. Deryl Hart, wa Chuo Kikuu cha Duke katika Marekani, tangu mwaka 1936 aliwasha taa za miali isiyoonekana, iliyo ng'ambo ya zambarau. Njia hiyo ilijaribiwa katika hospitali tano za Marekani, na matokeo yakatangazwa mwaka 1964. Taa ziliua vijidudu vingi vya hewani bila shaka. Lakini kwa wagonjwa wote kwa jumla, majeraha yaliyoharibika hayakupungua, isipokuwa kidogo katika yale ya upasuaji safi kabisa. Hivyo swali la Lister lilionekana kuwa limekufa mara ya pili.

5. Kibanda cha Wrightington

Liliyefufuliwa na fundi wa mifupa. John Charnley, katika hospitali ya Wrightington huko Lancashire, alikuwa akitengeneza nyonga ya bandia, na mwaka 1962 alifikia aina iliyofaulu. Mtu aliyekuwa hawezi kupanda ngazi akaweza kutembea bila fimbo. Lakini katika wagonjwa wake wa kwanza, kiasi cha 7 hadi 9 kwa mia walipata usaha ndani kabisa ya kiungo. Kwa mgonjwa wa namna hiyo maana yake ni kung'olewa nyonga ile na kubaki na mguu mfupi wenye maumivu, baada ya kuonjeshwa uzima.

Kwa nini nyonga, na si kidonda cha tumbo? Jibu lilikuwa limekwisha tolewa na S. D. Elek na P. E. Conen, London, mwaka 1957. Walionyesha kwamba ili kutunga usaha katika ngozi ya mtu huhitajiwa vijidudu milioni kadhaa vya aina ya stafilokoka. Lakini ukiwapo uzi mmoja wa hariri ndani ya nyama, mia chache hutosha. Kitu kigeni mwilini hupunguza idadi hiyo kwa maelfu ya mara. Vijidudu vichache vinavyodondoka kutoka hewani, ambavyo jeraha la kawaida huvishinda, katika nyonga ya chuma na plastiki hupata makao.

Charnley alishirikiana na Howorth, mhandisi wa mitambo ya hewa wa huko huko Lancashire, wakajenga kibanda ndani ya chumba cha upasuaji. Hewa iliyochujwa ilishuka kutoka juu kwa wingi, hata hewa ya kibandani ikabadilishwa mara 300 hivi kwa saa. Kichwa cha mgonjwa kilibaki nje pamoja na tabibu wa nusukaputi. Wapasuaji walivaa majoho ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, na vichwani kofia kubwa zilizounganishwa na mipira ya kuvuta pumzi yao na joto la miili yao na kuyatoa nje. Karibu wakati ule ule Willis Whitfield, mwanafizikia wa Albuquerque katika Marekani, alikuwa amebuni chumba cha viwanda ambamo hewa hutembea kwa mkondo mmoja ulionyooka, bila ya kuzunguka zunguka. Na mwaka 1966 hospitali moja ya mji huo, Bataan Memorial, ikawa na chumba cha upasuaji cha namna hiyo.

Tazama jinsi fikira ilivyogeuka. Simpson alitaka kuiendea hewa safi mashambani. Lister alitaka kuiua iliyo chafu. Charnley hakuona kwamba hewa ni chafu. Aliona kwamba wenye kuichafua ni yeye na wasaidizi wake, na kwamba yafaa ipite upesi na kuondoka na mzigo wao kabla haujatua. Kufikia mwaka 1970 hivi, usaha ulikuwa umepungua hata chini ya 1 kwa mia ya wagonjwa wake.

6. Jaribio na mashaka

Ila Charnley alikuwa amebadilisha mambo mengi kwa pamoja: hewa, majoho, mipira ya mikononi, hata namna ya kushona jeraha. Wapinzani walisema, na kwa haki, kwamba haijulikani ni lipi lililofaa. Ndipo Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilipofanya jaribio chini ya Owen Lidwell katika hospitali 19, na wagonjwa wakagawanywa kwa kura. Matokeo yalitangazwa mwaka 1982. Katika vyumba vya kawaida, kati ya nyonga na magoti 4,133 yaliyowekwa, 63 yalitunga usaha wa ndani, yaani 1.5 kwa mia. Katika vyumba vya hewa iliyosafishwa sana, kati ya 3,922 yaliyotunga usaha yalikuwa 23, yaani 0.6 kwa mia. Mwaka huo huo William Whyte na wenzake walionyesha kwamba katika chumba cha kawaida karibu vijidudu vyote vionekanavyo katika jeraha la upasuaji wa namna hiyo vilipitia hewani, lakini kiasi cha 30 kwa mia tu ndivyo viliangukia jerahani moja kwa moja. Vilivyobaki vilitua kwanza juu ya vyombo na mikono, kisha vikaletwa. Hapo ugomvi wa miaka mia ulipata suluhu: waliosema mikono na waliosema hewa walikuwa wakitaja vituo viwili vya safari moja.

Laiti historia ingalikomea hapo. Katika jaribio lile baadhi ya wagonjwa walipewa dawa za antibiotiki kabla ya kupasuliwa na wengine hawakupewa, na mgawanyo huo haukufanywa kwa kura. Hata hivyo ilionekana kwamba dawa hizo nazo zilipunguza usaha sana. Baadaye zikawa kawaida kwa wote. Je, hewa ya gharama kubwa ilibaki na faida yoyote juu ya dawa? Hesabu za hospitali nyingi za Ujerumani, zilizotolewa mwaka 2008, hazikuiona faida hiyo. Na hesabu za New Zealand za mwaka 2011 zilionyesha usaha wa mapema mwingi zaidi katika vyumba vya mkondo na kwa wapasuaji wavaao kofia za kuvuta hewa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mitambo hiyo isitumiwe kwa shabaha ya kupunguza usaha katika upasuaji wa kuweka viungo vya bandia. Shauri hilo limetolewa kwa tahadhari, kwa kuwa hesabu za kuorodhesha si jaribio la kura, na wapasuaji wengi bado hawajalikubali.

Barakoa nayo haikusalimika. Mwaka 1981 mpasuaji Neil Orr alieleza kwamba katika hospitali yake huko Colchester waliziacha barakoa kwa miezi sita, na majeraha yaliyoharibika hayakuongezeka. Mwaka 1991 Mswidi Göran Tunevall alitangaza jaribio la wagonjwa 3,088: walipopasuliwa na watu wenye barakoa, 73 kati ya 1,537 waliharibikiwa na majeraha, walipopasuliwa na wasiozivaa, 55 kati ya 1,551. Tofauti hiyo si kubwa kiasi cha kuthibitisha lolote, wala upasuaji huo haukuwa wa viungo vya bandia. Tena barakoa humkinga mpasuaji mwenyewe na damu irukayo. Lakini yatosha kutuonyesha kwamba jambo likisha kuwa sura ya kazi hukoma kuulizwa.

Mambo ambayo yamesalimika katika mabishano yote haya ni machache, na mengi yake si ya gharama. Hewa iingie chumbani ikiwa imechujwa, na isukumwe nje, isivutwe kutoka wodini. Milango ifungwe, na isifunguliwe ovyo wakati jeraha liko wazi. Watu wawe wachache, wala wasitembetembe, maana kila mtu aliyemo ni chemchemi ya magamba. Vyombo visifunuliwe mapema. Dawa itolewe kabla ya kisu. Hospitali isiyo na uwezo wa kununua mtambo wa mkondo yaweza kuyafanya karibu yote. Na hospitali iliyonunua mtambo huo kisha ikauacha mlango wazi imenunua hasara.

7. Shauri la maneno

Imesalia kazi ya watu wa lugha. Vitabu vya wauguzi vinaandikwa na kufasiriwa kwa Kiswahili, na ndani yake twaona misemo mitatu ikitumika kana kwamba ni mmoja. Wa kwanza ni vijidudu vya hewa. Kiunganishi -a katika lugha yetu kina kazi nyingi: chaonyesha mwenye kitu, chaonyesha asili, chaonyesha mahali, chaonyesha jinsi. Maji ya kisima yametoka kisimani. Samaki wa baharini amezaliwa baharini. Msomaji wa vijidudu vya hewa ana haki ya kuelewa kwamba asili yao ni hewa, nayo ndiyo fikira ya zama za Simpson. Wa pili ni vijidudu vichukuliwavyo na hewa. Huu ni bora, kwa kuwa watenganisha mchukuzi na mzigo. Lakini umbo la kutendwa humfanya hewa kuwa ndiye mtendaji, na aliyepakia hatajwi. Hapo ndipo aliposimama Lister: mzigo ameuona, mwenye mzigo hajamwona.

Wa tatu ni vijidudu vipitavyo kwa njia ya hewa. Huu una silabi nyingi zaidi, lakini mwandishi wa makala haya aupendelea, kwa sababu njia katika Kiswahili haikosi kuwa na ncha mbili. Mtu akiambiwa kwamba kitu kimekuja kwa njia fulani, mara huuliza: kimetoka wapi, na chaenda wapi? Muuguzi atakayeuliza swali hilo katika chumba cha upasuaji atapata jibu ambalo wataalamu walilitafuta kwa karibu miaka mia: kimetoka katika ngozi yangu na nguo yangu, nacho chaenda katika jeraha la huyu aliyelala. Naye akisha jibu hivyo, hahitaji kuambiwa mara ya pili kuufunga mlango.